Mara Mbili ni Kusukuma

Dereva alinieleza kwa vijiko vitatu jinsi kazi yangu itakavyokwisha. Tulikuwa kwenye chumba cha chai nyuma ya karakana, yeye, mimi na sufuria lililoungua chini. Alivilaza vijiko mezani, ncha kwa ncha, ikawa pembetatu, halafu akachukua kiberiti akawa anakisukuma kwa kidole.

"Injini ni hii hapa. Inaingia njia ya kwanza, inaenda mpaka mwisho, inasimama. Pointi inageuzwa, njia inabadilika. Inarudi kinyumenyume kwa njia ya pili. Pointi inageuzwa tena. Inatoka kwa njia ya tatu, na uso wake unatazama kule ilikotoka. Imejigeuza yenyewe, shangazi! Hakuna mtu wa kutoka jasho."

"Nimeelewa," nikasema. "Sasa nirudishie kijiko changu, chai inapoa."

Akacheka. Dereva wetu ni mtu wa tumbo kubwa na roho safi, na alidhani ananiletea habari njema. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye goti bovu, anaambiwa hatasukuma tena tani sabini za chuma. Mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikoroga chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

Ngoja nieleze vizuri, maana asiyejua reli atadhani nalilia jasho.

Reli yetu ni ya makumbusho. Zamani ilibeba mawe kutoka machimboni. Siku hizi inabeba watu wanaotaka kusikia honi na kupiga picha. Urefu wake ni kilomita tisa tu. Huku kuna makumbusho, karakana na jukwaa la abiria. Kule machimboni kuna nyumba ndogo ya mlinzi na njia ya pembeni inayozunguka machimbo kama kitanzi, basi. Treni ikifika kule inapita kitanzi hicho na mabehewa yake yote, inarudi nyumbani uso mbele. Lakini huku hakuna kitanzi; isipogeuzwa itaondoka kinyumenyume, imetanguliza behewa la makaa, na dereva amepinda shingo huku vumbi la makaa likimwingia machoni. Kwa hiyo ikifika huku lazima igeuzwe, ili safari inayofuata iondoke na uso mbele. Injini yenyewe tunaiita Bibi. Bibi hapendi kwenda kinyumenyume, na waliolipa nauli hawapendi kumpiga picha mgongoni.

Anageuzwa juu ya meza. Ndivyo tunavyoiita, lakini ni daraja la chuma la mita ishirini lenye reli juu yake, limewekwa ndani ya shimo la duara lililojengwa kwa mawe, na linakaa juu ya mhimili mmoja tu katikati. Bibi anapanda polepole mpaka uzito wake ulingane pande zote mbili. Ukilingana, ncha za meza zinanyanyuka kidogo, unaona mwanga mwembamba chini ya magurudumu ya meza yenyewe, na hapo tani sabini zinasukumwa na watu wawili wa kawaida, mradi wamekula. Usipolingana, walete hata kijiji kizima, haisogei ng'o. Kila ncha ina mkono mrefu wa chuma. Mmoja anasukuma huku, mwenzake kule, wote wanazunguka shimo kuelekea upande uleule, na injini iko katikati yao. Hawaonani. Nusu ya mzunguko ikiisha, wewe umesimama alipokuwa mwenzako, naye amesimama ulipokuwa wewe.

Mwenzangu ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja. Hatujasemezana miaka sita.

Watu hutushangaa tunafanyaje kazi. Tunagonga. Baba yetu ndiye aliyeizungusha meza hii kabla yetu, enzi za mawe, na kwa kuwa Bibi akiwa na mvuke humsikii hata aliyekukanyaga, aliweka utaratibu wake. Unachukua pini ya kufungia meza, unagonga mkono wa chuma, mlio unapita ndani ya daraja mpaka upande wa pili. Mara moja: niko tayari. Mara mbili: sukuma. Mara tatu: simama. Kugonga tatu ni kazi ya yule anayefika kwenye jiwe jeupe, jiwe ambalo baba alilipaka chokaa ukingoni mwa shimo, pale reli za meza zinapokutana na reli za njia kuu. Tulilelewa kwa sheria hizo. Mama akigonga sufuria mara mbili, unasukuma mlango unaingia kula. Baba akigonga ukuta mara tatu, kelele zinakoma, na ole wako uwe wa mwisho kunyamaza.

Kwa hiyo mtu akitaka kununa, kazi yetu inamruhusu. Tunafika asubuhi, kila mtu na upande wake. Bibi akirudi kutoka machimboni saa tano, tunageuza. Akirudi saa kumi, tunageuza tena. Kwa siku tunagonga mara kumi na mbili au zaidi kidogo, halafu yeye anapanda baiskeli yake na mimi nafunga kilemba changu, kila mmoja na njia yake. Habari za nyumbani tunaletewa na wifi yangu, mkewe, mwanamke mcheshi ambaye ndiye simu yetu. "Mdogo wako anaumwa jino," ananiambia sokoni. Nami nasema mwambie asukutue maji ya chumvi. Kesho yake naona shavu limepungua, basi najua ujumbe ulifika.

Kitu kimoja kilibadilika baada ya msiba wa baba. Mdogo wangu aliacha kugonga mara mbili. Moja anagonga. Tatu anagonga, akifika kwenye jiwe. Lakini mbili, ile ya kusukuma, hata ikiwa zamu yake ananyamaza tu mpaka nigonge mimi. Nilijua ni kiburi, hataki kuniomba hata nisukume. Basi nikawa nagonga mimi miaka yote sita, tena kwa nguvu, ili ajue kuwa nimeona.

Baba alikufa akiwa amefungiwa ndani, na aliyemfungia ni mimi.

Akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Alikuwa akikaa kwangu, kwa kuwa mimi sina mume wala mtoto na chumba kilikuwepo. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya kazi akaenda kwenye meza, kazi aliyokuwa amestaafu miaka ishirini nyuma. Wageni walimkuta kwenye ukingo wa shimo akigombana na injini ambayo haikuwepo. Mara mbili alikaribia kutumbukia. Siku ile nilikuwa kazini na fundi mmoja wa kuazima, maana mdogo wangu alikuwa na mapumziko. Nikamwacha baba na uji mezani, nikavuta mlango, nikasukuma komeo la nje. Komeo tu, si kufuli. Mtu yeyote aliye nje angeweza kulifungua. Niliporudi saa kumi na moja jioni nilimkuta sakafuni nyuma ya mlango, amekwisha poa, kijiko mkononi. Nikadhani alikuwa ametoka kula.

Mazikoni, mbele ya watu, mdogo wangu aliniambia: "Ulimfungia baba kama mbuzi."

Nami sikulaza damu. Nikamuuliza: "Na wewe, siku nzima uko mapumzikoni, ulikuwa wapi?"

Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga, na hajaufungua tena kwangu.

Watu wote nimewaambia nilimfungia baba kwa kuogopa lile shimo. Watu wote wameniamini, hata meneja, hata wifi yangu, na wamenihurumia. Ni uongo. Kwa kweli nilikuwa nimechoka. Wiki ile alikuwa ametoroka mara tatu, na mara ya tatu nilitoka kumtafuta nikiwa na povu la sabuni kichwani, majirani wananicheka. Asubuhi ile aliniuliza, "Unakwenda mezani? Nami naja." Nikamwambia, "Kaa humo!" Nikasukuma komeo kwa hasira, kwa raha kabisa ya kujua kwamba leo sitamwona mpaka jioni. Maneno yangu ya mwisho kwa baba yangu ni kaa humo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha haya miaka sita, na mtu pekee ambaye nilitaka kumwambia ni yule aliye upande wa pili wa injini.

Nilikuwa nasema nitamwambia kesho, na kesho alikuwepo, kesho kutwa alikuwepo. Ndipo vikaja vijiko vya dereva.

Jumanne meneja alituita wote karakanani. Ni mwanamke wa maneno laini, anayeanza kila habari mbaya kwa kushukuru. Alitushukuru sana. Akasema pembetatu ya reli nyuma ya ghala imekamilika, ukuta wa shimo la meza una nyufa, na wakaguzi hawataki tena kuona mtu akizunguka ukingoni mwake. Jumapili meza itageuza injini kwa mara ya mwisho, wageni wataalikwa, halafu mikono itachomelewa isizunguke na meza itazungushiwa uzio, na kibao kitawekwa chenye historia yake.

"Na hakuna anayepoteza kazi," akasema, akitabasamu. "Dada yetu atakaa getini, atakata tiketi, apumzishe goti. Kaka yetu atakwenda machimboni kuangalia pointi za njia ya pembeni. Ile nyumba ya mlinzi imepakwa rangi, atahamia na familia yake."

Niliinua macho. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na pipa la mafuta, anakagua kucha zake. Kilomita tisa. Wifi hatakuwa tena sokoni. Sitamsikia hata akigonga.

Nikajiambia, una siku tano, mwanamke, sema.

Jumatano nilimvizia bombani, anaosha mikono. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilipofika nikasema, "Maji yanatoka?" Bora ningeliuliza bomba lenyewe. Maji yalikuwa yanatoka, yanamwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Akafunga, akafuta mikono kwenye suruali, akaondoka.

Ijumaa nikapiga moyo konde, nikaenda kwake. Wifi alifungua, nyumba nzima ni maboksi, godoro limefungwa kamba.

"Wifi! Umekuja kutusaidia kubeba au kutuaga?"

"Yupo?"

Akageuza macho kuelekea chumbani, mlango ukiwa umerudishiwa. Tukasikia kitanda kikilia, mtu amekaa. Wifi akanishika mkono, akanena chini chini, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ndivyo nilivyofundishwa, na mimi nimelima miaka sita, wifi yangu. Nimechoka kulima. Gonga mlango."

Nilisimama mbele ya mlango ule. Niliinua mkono. Sijui kilichonipata, nilikumbuka mlango mwingine, nikaona siwezi kugonga huu. Nikashusha mkono, nikamsaidia wifi kufunga masufuria kwenye magazeti, nikaenda zangu. Usiku nilijitukana mpaka nikalala.

Jumapili walikuja watu wengi kuliko siku zote. Walisimama nyuma ya kamba, simu juu. Meneja alikuwa na kipaza sauti. Saa tano tuligeuza mara ya kwanza: mimi nilianzia kwenye jiwe jeupe, yeye akaishia hapo, akagonga tatu zake vizuri, watu wakapiga makofi. Bibi akaenda safari yake ya pili, na sisi tukabaki kila mtu upande wake. Yeye alikula mkate akitazama reli, nami nilikula wangu nikitazama mgongo wake. Kilichokuwa kati yetu ni meza tupu, mita ishirini. Nilikuwa na saa nne nzima. Nilizimaliza zote kwa kuhesabu mataruma.

Saa kumi Bibi akarudi, amevikwa maua, uso mbele kama kawaida. Akapanda mezani. Dereva alimsogeza, akasimama, akamrudisha kidogo, akamsogeza tena kiasi cha upana wa kiganja. Meza ikanyanyuka. Nikaona ule mwanga mwembamba chini ya gurudumu, nikajua hautaonekana tena.

Moja, ikaja kutoka upande wake: yuko tayari.

Moja, nikajibu.

Halafu kimya. Hata leo, nikawaza. Hata leo hutaki kuniomba. Nikagonga mbili, tukasukuma.

Mwanzo ndio mgumu. Unaegemea kwa kifua chote, unadhani haiendi, halafu inakubali, na baada ya hapo kazi yako ni kutembea tu. Nilitembea. Upande wangu niliona mawe ya juu ya ukuta, ninayajua yote, lenye ufa, lenye jina la baba lililochongwa kwa msumari. Magurudumu ya Bibi yalikuwa ubavuni mwangu, yananuka mafuta ya moto. Safari hii jiwe jeupe lilikuwa langu. Yeye ndiye aliyeanzia pale; kugonga tatu ilikuwa zamu yangu, na nikigonga, basi. Pini nilikuwa nayo mkononi, nimeishika mpaka vidole vinauma.

Nililiona jiwe linakuja. Likafika mbele ya mguu wangu. Nikalipita.

Sikupanga. Ninaapa sikupanga. Mkono ulikataa kugonga na miguu ikaendelea kusukuma. Kosa hilo hata fundi wa wiki ya kwanza halifanyi, maana reli zinapokutana unaziona kwa macho yako. Nilimsikia dereva akipiga kelele juu, "Shangazi! Shangazi, tumepita!" Wageni wakacheka na kushangilia wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Meneja akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa... mnaona... meza inaweza kuzunguka yote."

Upande wa pili mdogo wangu alijua. Hawezi kukosa kujua, ameigeuza meza hii miaka ishirini na nane. Lakini mkono wake haukulegea. Ningehisi, ukisukuma peke yako goti linakwambia.

Basi nikasema. Nilikuwa nimeinamia chuma, sina mtu wa kumtazama usoni, na nadhani ndiyo maana niliweza.

"Nilichoka," nikasema. "Sikumfungia kwa ajili ya shimo. Nilichoka naye. Nilimwambia kaa humo."

Bibi alikuwa anavuma, mvuke unatoka pembeni. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa shida. Tuliendelea kutembea. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anakaribia jiwe jeupe, na nilijua atagonga. Mtu mwenye hasira na mimi, mwenye maboksi yanayomngoja nyumbani, kwa nini asigonge? Atagonga tatu, tutasimama, Bibi atakuwa anatazama upande mbaya, wageni watacheka, meneja ataudhika, na nitakuwa nimesema neno langu kwa moshi.

Nilisubiri. Niliona jina la baba kwenye ukuta linapita mara ya pili. Meza haikusimama. Alikuwa amelipita jiwe na yeye.

Halafu nikasikia sauti, ya mwanamume aliyezeeka, imekwaruza kama ya baba, nikashtuka kwanza.

"Sema tena, dada. Mvuke ulikuwa juu."

Machozi yalinitoka nikiwa bado nasukuma. Nikapaza sauti, nikasema tena, sasa mbele ya dereva na wageni na kipaza sauti na kila mtu. "Nilimfungia baba kwa sababu nilichoka naye! Shimo lilikuwa kisingizio!"

Dereva alifunga kitu huko juu, na Bibi akanyamaza. Yule mtu mnene, Mungu ambariki. Sikusikia tena chochote isipokuwa mhimili wa meza ukikwaruza chini.

"Nilipita pale kwako," mdogo wangu akasema. "Saa saba mchana. Nilikuwa kwenye baiskeli, nakwenda kutazama mpira. Nilimsikia anagonga mlango."

Nikaendelea kusukuma.

"Kwa kitu cha chuma. Anagonga mbili. Ananyamaza. Anagonga mbili. Nikasema, aah, dada amerudi kula mchana, anacheza naye. Nikasema nikisimama nitachelewa." Akavuta pumzi. "Alikuwa ananiambia sukuma, dada. Na komeo lilikuwa nje. Nilisikia mbili, sikusukuma."

Kijiko. Nilikuwa nimekitoa mwenyewe mkononi mwake, nikakiosha, nikakirudisha kabatini na vingine.

Sijui tulitembea vipi sehemu ile iliyobaki. Nakumbuka sikuwa na hasira, nami ni mtu wa hasira, ningejua kama ningekuwa nayo. Nilikuwa namwona tu, mwanamume wa miaka hamsini na tano, anarudi kazini kila siku, anasimama mbele ya mkono wa chuma, ni zamu yake kugonga mbili, na hawezi. Na upande wa pili dada yake anamgongea mbili hizo kwa nguvu zake zote, ili amkomoe. Miaka sita. Kila siku mara mbili.

Jiwe jeupe sikuliona, macho yalikuwa yamejaa. Nililihisi kwa mguu. Nikagonga tatu. Meza ikatulia, pini ikaingia, na Bibi alikuwa ametazama njia kuu, uso mbele, sawasawa.

"Mzunguko mmoja na nusu!" meneja akatangaza, kana kwamba alikuwa nao kwenye ratiba. Watu wakapiga makofi. Dereva alipiga honi ndefu, akamshusha Bibi polepole mpaka njia kuu, na watu wote wakamfuata na simu zao, kwa sababu waliyekuja kumwona ni yeye. Meneja akawafuata. Nyuma yake mafundi wawili walikuwa wameshaleta mashine ya kuchomelea, wakaiweka chini, wakasimama kando kuwasha sigara. Nadhani waliona nyuso zetu.

Meza ilibaki tupu. Kwa miaka yote tulipomaliza kugeuza nilikuwa nainama kufunga kilemba, nisimwone. Safari hii sikuinama. Alikuwa amesimama kule ng'ambo, kofia mkononi, nywele zimekuwa nyeupe pembeni, na nani alinikataza kuziona? Nilitaka kusema njoo. Nilitaka kusema nitakuja machimboni Jumatatu, siku ambayo treni haiendi, nitatembea kilomita zote tisa na goti langu. Alikuwa ametoa yote aliyokuwa nayo.

Mafundi walimaliza sigara. Mmoja alikohoa.

Mdogo wangu akainama, akachomoa pini yake. Nikachomoa yangu. Akaitazama ile pini, kisha akagonga chuma mara mbili.

Nikasukuma.